Mikono Mapajani

Kamba ya nguo ya Afande ilifungwa usawa wa kiuno, na majirani hawakuchoka kuicheka. Mashuka ya watu yaliburuzika mavumbini, kuku walipita juu yake bila hata kuruka sana, na dobi mwenyewe alianika ameinama kama anayepanda mbegu.

"Afande, kamba hiyo umewafungia sungura?" jirani wa upande wa pili aliuliza kila asubuhi.

"Mgongo ni wangu, jirani. Siku ukikuuma wewe, niite nikukande."

Jirani alicheka, akaenda zake. Hakuna aliyesubiri kuambiwa sababu, na Afande hakuwa na haja ya kuisema, kwa kuwa sababu ilikuwa imekaa kwenye kigoda pale pale mlangoni mwa jiko. Ilikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Randa. Mtu yeyote akiinua mkono karibu yake, hata kama ni kuanika soksi, Randa aliweka mikono mapajani, akainamisha kichwa, akangoja. Hakulia wala hakutetemeka. Alingoja kupigwa, kwa adabu, kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi. Kilio Afande angekivumilia. Ile adabu ndiyo iliyomshinda, maana aliyeifundisha ni yeye.

Mume wa Afande alikuwa mkalimani wa mahakama kabla hajawa kiongozi wa watu. Miaka mingi alisimama kati ya hakimu wa kigeni na mshtakiwa, akimpa kila mtu kifungo chake kwa lugha ya mama yake, mpaka siku moja alipovua tai pale pale kizimbani, akatoka, asirudi tena. Akaanzisha chama cha kudai uhuru. Watu waliendelea kumwita Mkalimani. Alikataa mawe, alikataa mapanga, na alikataa hata matusi. Kanuni yake ilikuwa moja: askari wakija, kaa chini, mikono mapajani, usiinue mkono hata kwa kujikinga. "Nimetafsiri kesi hizo mimi mwenyewe," alikuwa akisema. "Mtu anajikinga uso, askari anaapa kwamba aliinua mkono kumpiga, na hakimu anaandika silaha. Mkono uliotulia hauna kesi."

Jambo hilo halifundishiki kwa maneno. Kwa hiyo Jumapili mchana watu walikusanyika uani kwa Mkalimani kufanya mazoezi ya kupigwa, na lazima awepo wa kupiga. Mkewe alikuwa na mikono iliyokomaa kwa kukamua mablanketi, na tena ndiye aliyewafulia askari wa kambini, maana dobi hachagui jasho. Akachukua shati la kaki kutoka kwenye lundo la nguo chafu, akalivaa, akawafokea watu kwa sauti ya sajini mpaka walicheka machozi yakawatoka. Hapo ndipo alipopata jina. Kirungu cha mazoezi alikichonga Randa kwa mti mwepesi, akakizungushia matambara ili kisiumize.

Na Randa huyo huyo ndiye aliyeshindwa. Kila kirungu kikishuka, mkono wake ulipanda. Aliachwa nyumbani kila wenzake walipokwenda. "Shemeji, nifundishe pembeni," alimsihi Afande. "Nimechoka kubaki na wazee na kuku." Afande alimwonea huruma, akamfundisha asubuhi kabla ya kazi, siku baada ya siku, mpaka mkono ukatulia kabisa. Wiki iliyofuata watu walikaa darajani, na askari wakaja na virungu visivyo na matambara. Waliokuwa wepesi kusahau somo walijikinga, wakavunjika mikono, na leo wanalima. Randa hakusahau somo.

Tangu hapo Afande alikunja lile shati, akakitupa kirungu uvunguni, na mazoezi yakafa. Kazi ya kufulia kambi hakuiacha. Aliloweka mashati ya kaki kwenye karai, akayageuza moja moja, akijiuliza ni mkono wa shati lipi uliompiga Randa. Sabuni haikuwahi kumjibu.

*

Jumamosi moja alifika mwenye duka la vitambaa kuchukua kabati lake. Lilikuwa limesimama uani tangu Randa aumie, halina milango, na kuku walikuwa wameanza kutagia humo.

"Nitampa fundi mwingine amalizie," alisema akiwa hamtazami mtu usoni. "Si kwa ubaya, mama. Mke wangu nguo zake zinakaa sakafuni."

"Sijasema ni ubaya."

"Na huyu bwana, anaendeleaje?"

"Muulize. Masikio anayo."

Mwenye duka hakuuliza. Vijana wake walilibeba kabati, na yeye, akifika mlangoni, aliinua mkono kuaga. Randa akaweka mikono mapajani na kuinamisha kichwa. Mwenye duka akafurahi, akamwambia Afande kwa sauti ya chini: "Ana heshima lakini, jamani. Ugonjwa haukumwondolea heshima."

Afande alikwenda kuokota mayai yaliyodondoka kabatini. Mawili yalikuwa yamepasuka, na alilia kwa ajili ya mayai hayo, akijua fika kwamba si mayai.

*

Jioni yake Mkalimani alirudi na katibu wa chama, fundi baiskeli ambaye hakuweza kufungua mdomo kabla ya kufuta mikono kwenye suruali. Bwana mkubwa wa wilaya alikuwa amepiga marufuku mikutano yote, hata ya mazishi. Jumatatu watu wangekwenda kukaa mbele ya ofisi yake.

"Tunakaa tu," Mkalimani alisema. "Hatuimbi, hatusemi."

Afande alikuwa anapiga pasi kola. Hakuinua macho. "Anakwenda nani?"

"Waliofuzu."

Katibu alifuta mikono. "Waliofuzu wamebaki wachache, mama. Wapya ni wengi, na hawajui lolote. Tulikuwa tunaomba, kesho, kama zamani..."

"Fundi, baiskeli zimeisha mjini?"

Katibu alifuta mikono tena, ingawa ilikuwa safi. Ndipo binti wa nyumba hiyo alipotoka chumbani, bado ana sare yake ya uuguzi. Tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa kuwa hakujua kunyamaza, lakini jioni ile alisema maneno mawili tu.

"Nami nimo."

Pasi ilisimama juu ya kola mpaka ikaanza kunuka.

"Wewe una mitihani," mama yake alisema.

"Mitihani ipo kila mwaka, Mama."

"Na kichwa kiko kimoja."

"Baba Mdogo naye alikuwa na kimoja. Mlimwambia hivyo?"

Randa, kwenye kigoda chake, alikuwa anakunywa chai taratibu kwa mikono miwili kama mtoto aliyeonywa asimwage.

"Baba Chiriku, sema na mwanao."

Mkalimani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nikimkatalia wangu, wa mwenzangu nitamwita kwa mdomo gani? Kanuni ni moja kwa wote, mke wangu. Akifuzu anakwenda. Akiinua mkono anabaki."

"Kwako wewe ni rahisi kusema. Wewe wakija kukukamata wanakufungulia mlango wa gari."

"Kweli," alisema, kwa upole ule uliowafanya watu wamfuate na mkewe atamani kumrushia karai. "Hilo mimi sikuliomba."

Afande aliitazama kola iliyoungua. Hapo ndipo shauri lilipomjia, jepesi kabisa, hata akashangaa limechelewa wapi. Kama mtu hapiti bila kupimwa, na mpimaji ni yeye, basi nani anayempeleka Chiriku? Atampiga mpaka mkono uinuke. Mama gani anayeshindwa kumtisha mtoto wake mwenyewe?

"Basi," alisema. "Kesho nitavaa shati."

Katibu alishukuru mara nyingi mno. Mkalimani alimgusa mkewe begani, akidhani amesamehewa, naye akamwacha adhani hivyo.

*

Watu walijaa uani mpaka wengine wakakaa juu ya karai zilizopinduliwa. Afande alimwingiza Randa jikoni, akamfungia mlango, akavaa shati la kaki. Kirungu kilikuwa chepesi kuliko alivyokikumbuka. Alama za kisu cha Randa bado zilionekana kwenye mshikio, pale alipopunguza kidogo ili mkono wa shemeji yake usichubuke.

"Kaeni chini!" alifoka.

Wakakaa. Na ndani ya jiko, nyuma ya mlango uliofungwa, kikasikika kishindo kidogo cha mtu aliyekaa chini. Waliokuwa karibu na mlango walitazamana, kisha wakatazama mikono yao.

Aliwapitia mmoja mmoja. Mwenye duka la mkaa aliinua mkono, akaambiwa abaki nyumbani. Mshona viatu alifuzu. Mama mmoja muuza maziwa alifuzu huku akitukana kimoyomoyo, midomo inacheza, na watu wakacheka kidogo kama zamani. Halafu ikawa zamu ya Chiriku.

Afande hakumwonea aibu. Alimtukana matusi ya kambini, ambayo hakujua kama bado anayakumbuka. Alimpiga mabegani. Alikishusha kirungu usawa wa utosi na kukizuia nywele zikiwa zinaguswa. Alipoona haitoshi alikihamishia mkono wa kushoto, akamzaba mwanawe kofi la shavu, kofi la kweli, ambalo hakuwahi kumpiga tangu amzae. Wanawake wawili walishtuka kwa sauti.

Mikono ya Chiriku haikutikisika. Lakini si hilo lililommaliza Afande nguvu. Ulikuwa ni uso wake. Binti yake alikuwa ameinamisha kichwa upande kidogo, midomo imeachana, anangoja kwa adabu.

"Umejifunza wapi hivyo?"

"Kwa Baba Mdogo," Chiriku alisema, na shavu lake lilikuwa linaanza kuvimba. "Kila siku nikirudi huwa nakaa naye, namtazama anavyofanya. Mama, asiyefunzwa na mamaye..."

"Usinimalizie."

Watu walipiga makofi. Katibu alisema, "Huyo ni mtoto wa nyumba hii," na Mkalimani alifumba macho kwa fahari au kwa hofu, hakuna aliyejua. Mpango wa Afande ulikuwa umekwisha. Mtoto anakwenda, na anakwenda akiwa na uso ule.

"Bado mmoja," alisema.

"Wote tayari, mama," katibu alisema.

Afande alinyoosha kirungu kwa mumewe.

Wengine walicheka. Katibu alifuta mikono. "Mama, kiongozi hapimwi."

"Nani kasema? Jana niliambiwa kanuni ni moja kwa wote. Au nilisikia vibaya, Baba Chiriku?"

"Hukusikia vibaya," Mkalimani alisema. Alikuja akitabasamu, akapandisha suruali magotini isichafuke, akakaa, akaweka mikono mapajani. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Jambo hilo alikuwa amelisema kwenye viwanja vyote vya nchi, na mtu akisema jambo sana hudhani ameshalifanya.

Afande aliinua kirungu. Hakuwa na hasira, na hilo lilimshangaza. Akakishusha.

Mkono wa Mkalimani ukapanda.

Kirungu kilimpiga kiganjani, na mlio wake ulikuwa mdogo tu, kama wa kofi la mtoto. Mtu mmoja nyuma akacheka, akadhani ni mfano, akasema, "Mmeona? Hivyo ndivyo isivyotakiwa!" Mkalimani hakucheka. Aliutazama mkono wake kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemjua.

"Tena," alisema.

Ukapanda tena.

"Tena, mke wangu."

Mara ya tatu ilipanda yote miwili, na macho akafumba.

"Mkuki kwa nguruwe," muuza maziwa alinong'ona, na hakuna aliyemmalizia.

Kuku wakarudi kudonoa katikati ya watu. Afande alikiweka kirungu chini. Alikuwa ametaka kumwaibisha, ndiyo, lakini sasa alimwona mume wake amekaa mavumbini na nywele zake zenye mvi, akatamani mchana wote urudi nyuma.

"Sijawahi kupigwa," Mkalimani alisema. Hakusema kwa sauti ya viwanjani. "Nyumbani makosa yangu aliyabeba mdogo wangu, alikuwa anasema ni yake. Kazini nilikaa upande wa meza usiopigwa. Nimewafundisha jambo nisilolijua."

"Wewe usiende basi," katibu alisema haraka. "Kiongozi abaki, atuombee."

"Nitakwenda. Ila hatutakaa hivi." Aliinua mikono, akaipandisha kichwani, akafunganisha vidole juu ya utosi. "Hivi. Tangu tunapotoka majumbani. Mikono iko juu kabla askari hajafika, imefungana, hakuna atakayesema imeinuliwa kumpiga."

Katibu alimkodolea macho. "Tutaonekana kama mateka, mzee. Au kama waliofiwa."

"Ndiyo."

"Mbona hukuyasema haya zamani?" Aliyeuliza ni Afande.

Mkalimani alishusha mikono. "Niliwaza. Kabla ya daraja niliwaza hivi hivi. Nikaona hatutapendeza. Nilitaka tukae kama watu wenye heshima zao. Nilitaka tuonekane vizuri."

"Na nani?"

Mkalimani aliinuka, asikung'ute suruali.

Watu walipoondoka, Mkalimani alifungua mlango wa jiko. Randa alikuwa sakafuni, mikono mapajani, tangu lile neno la kwanza. Hakuna aliyekuja kumwambia yameisha. Mkalimani alipiga magoti mbele yake. "Mdogo wangu," alisema, "nisamehe," na kama afanyavyo mtu yeyote anayeomba radhi, aliinua mkono ili amshike bega.

Randa aliinamisha kichwa.

*

Jumatatu Afande hakufua. Alikaa na Randa mlangoni mwa jiko, na kila kishindo cha njiani alikihesabu kuwa ni cha maiti ya mwanawe. Jua lilikuwa limeshageuka Chiriku alipoingia kwa miguu yake mwenyewe, mkono umefungwa bendeji nene. Vidole vitatu vilikuwa vimevunjika. Mama yake hakuuliza kuhusu vidole. Alikipapasa kichwa chote, nyuma, pembeni, utosini, kama anayetafuta chawa, na hakuamini mpaka aliporudia.

"Kizima, Mama. Kizima, nakuambia. Acha, unaniumiza masikio."

"Baba yako?"

"Wamemchukua. Safari hii hawakumfungulia mlango." Chiriku alianza kulia hapo, si kabla. "Walimpiga sana mikono. Hakuitoa kichwani."

Picha ilitoka magazetini, hata ya nchi za mbali: umati umekaa kimya mbele ya ofisi nyeupe, mikono vichwani, kama nchi nzima imefiwa. Watu waliisifu busara ya kiongozi, kwamba aliigeuza barabara kuwa matanga. Walitunga mengi. Walisema aliota, walisema aliifikiri miaka mingi gerezani. Waliokuwepo uani Jumapili ile hawakuwasahihisha. Lile shati la kaki Afande alilifua, akalipiga pasi, akalirudisha kambini kwa mwenyewe, kirungu akakitia jikoni kikachemsha maji ya kumwogeshea Randa.

Kila jioni aliketi mbele ya shemeji yake. Alimshika mikono, akaipandisha kichwani, akamfunganisha vidole. "Hivi, Randa. Hivi, baba. Shikilia." Akiachia, mikono ilishuka yenyewe mpaka mapajani, ikatulia. Alimfundisha kwa upole, alimfundisha kwa nyimbo, siku nyingine alimfundisha kwa ukali akaomba radhi. Chiriku aliajiriwa hospitali, Mkalimani akatoka gerezani na vidole vilivyopinda, bendera mpya ikashonwa, na Afande bado alikuwa hajafika popote.

*

Siku ya bendera alikataa kwenda kukaa jukwaani na wake wa wakubwa. Alisema mgongo unamuuma. Alimvisha Randa shati jeupe, akamtolea kigoda barazani ili naye aone, kwani kama kuna mtu aliyeilipia siku hiyo ni yeye. Msafara ulipita mtaani mwao makusudi. Mkalimani alikuwa amesimama kwenye gari lililo wazi, na alipoiona nyumba yake aliinua ule mkono wa vidole vilivyopinda.

Mtaa mzima ukainua mikono. Watoto juu ya kuta, wanawake madirishani, yule jirani wa sungura, mwenye duka la vitambaa na mke wake, wote mikono juu, wanapiga kelele za furaha mpaka mabati yakatetemeka. Hakukuwa na mkono hata mmoja uliobaki chini, ila miwili.

Randa alikuwa ameitazama mikono ile yote. Aliweka yake mapajani. Aliinamisha kichwa upande kidogo, akaanza kuwangoja, wote.

"Hapana, baba," Afande alisema. "Si hivyo. Wanashangilia tu." Aliishika mikono yake, akaipandisha utosini, akaiachia. Ikashuka. Akaipandisha tena, watu wakiendelea kupiga kelele na gari likiwa limeshapita kona. Ikashuka.

Ndipo alipoacha kufundisha. Alisimama nyuma ya kigoda, akaweka mikono yake mwenyewe juu ya kichwa cha shemeji yake, akafunganisha vidole, na akasimama hivyo hivyo mpaka mtu wa mwisho mtaani aliposhusha mkono.